Kubadili mpangilio wa nati za magurudumu: Njia salama na zile za hatari

Na Mwandishi Wetu

RIMU za mtumba ni miongoni mwa bidhaa za magari ambazo wakazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam huzinunua kwa macho kuliko kwa kipimo. Mwenye gari huvutiwa na mng'aro wa aluminiamu, hupatana bei na kulipa, kisha hufika kwa fundi na kuambiwa kwamba rimu alizonunua ni za nati tano ilhali gari lake ni la nati nne. Wakati mwingine zote huwa za nati tano, lakini matundu hayakai.

Hapo ndipo huzaliwa wazo la kubadili habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ili gari liweze kupokea rimu za mpangilio mwingine wa matundu. Wazo hilo si geni kwa mafundi wa gereji za Manzese na za maeneo mengine ya jiji kama Temeke na Kinondoni. Kitaalamu jambo hilo linawezekana, na katika nchi nyingi hufanyika kwa usalama.

Hata hivyo, njia za kulifanya hazilingani. Ipo njia inayoliacha gari likitembea miaka mingi bila hitilafu, na ipo inayoweza kulichomoa gurudumu wakati gari likiwa katikati ya Barabara ya Morogoro, pembeni yake kukiwa na waendesha bodaboda, wachuuzi na watembea kwa miguu.

Nati ngapi, duara la kiasi gani

Mpangilio wa matundu ya gurudumu huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni idadi ya bolti, ambazo mafundi huziita studi. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya bolti hizo. Kwa hiyo 4x100 maana yake ni bolti nne zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100.

Magari mengi madogo ya Toyota yanayoonekana katika barabara za Dar es Salaam yana mpangilio huo wa 4x100. Miongoni mwake ni Corolla za miaka ya 1990 zinazojulikana kwa namba 100 na 110, pamoja na Vitz na IST za toleo la kwanza.

Premio na Allion zilizoanza kutengenezwa mwaka 2001 ni za 5x100. Mark II za GX100 na GX110, Harrier, RAV4 za matoleo ya mwanzo na Noah ya mwaka 2001 na kuendelea ni za 5x114.3. Prado, pamoja na Hiace za toleo lililoanza mwaka 2004, ni za 6x139.7, wakati Land Cruiser ya mfululizo wa 100 ni ya 5x150.

Namba kama 114.3 na 139.7 huwashangaza wengi kwa kuwa na desimali. Sababu yake ni kwamba zilianzia katika vipimo vya inchi. Milimita 114.3 ni inchi nne na nusu, na milimita 139.7 ni inchi tano na nusu. Land Rover za zamani, ambazo zilitumika kwa wingi nchini serikalini na mashambani, zilikuwa za 5x165.1, yaani inchi sita na nusu.

Tofauti hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kumsumbua mnunuzi. Gari zito huhitaji bolti nyingi zaidi au duara pana zaidi ili mzigo ugawanyike vizuri, na gari jepesi hutosheka na bolti chache kwenye duara dogo, jambo ambalo hupunguza uzito na gharama za kiwanda.

Hata watengenezaji wenyewe hubadili mpangilio inapobidi. Volkswagen ilibadili magurudumu ya gari lake la Beetle kutoka bolti tano za duara la milimita 205 hadi bolti nne za milimita 130 katika toleo la mwaka 1968. Subaru nayo ililihamisha gari lake la Impreza WRX STI kutoka 5x100 hadi 5x114.3 katika toleo la mwaka 2005.

La kuzingatia ni namna walivyobadili. Kiwanda hakikutoboa matundu mapya kwenye habu ile ile ya zamani, bali kilitengeneza habu nyingine iliyokusudiwa mpangilio huo.

Kinacholishika gurudumu

Watu wengi huamini kwamba uzito wa gari hukaa juu ya bolti, kama vile nguo inavyotundikwa kwenye msumari. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo chanzo cha makosa mengi.

Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo sana kama mpira na kuibana rimu dhidi ya uso wa habu. Mbano huo huzalisha msuguano mkubwa kati ya nyuso mbili za chuma, na msuguano ndio unaobeba kazi kubwa ya kuhamisha nguvu za breki, injini na uzito wa gari. Bolti ikishakuwa na mbano wa kutosha, haipati msukosuko mkubwa gurudumu linapozunguka.

Kutokana na hali hiyo, kitu chochote kinachozuia rimu isilale sawasawa juu ya habu hupunguza mbano. Inaweza kuwa kutu, rangi nene, matundu yasiyolingana au uso wa habu uliopinda baada ya kuchomelewa. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Bolti nazo huanza kupindwa huku na huku maelfu ya mara katika safari moja, hadi nati ifunguke yenyewe au bolti ikatike kwa uchovu wa chuma.

Ndiyo maana gurudumu lililofungwa vibaya linaweza kutembea siku kadhaa bila kuonyesha dalili, kisha likachomoka ghafla. Dereva aliyejaribu gari kwa kuzunguka mtaa mmoja na kurudi gereji hawezi kusema kwamba kazi imethibitika.

Njia ya kwanza: Habu ya gari la ukoo mmoja

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutafuta habu kamili kutoka gari la mtengenezaji yule yule, lenye muundo unaokaribiana na gari linalobadilishwa, ambalo kiwandani lilitoka na mpangilio unaotakiwa.

Mifano miwili inafahamika sana miongoni mwa wapenzi wa magari ya Japani. Nissan Silvia ya umbo la S13, iliyotoka na 4x114.3, hubadilishwa kuwa ya nati tano kwa kutumia vipuri vya Silvia iliyoifuata ya S14 au vya Nissan 300ZX ya Z32. Impreza za zamani za 5x100 nazo hubadilishwa kuwa 5x114.3 kwa kutumia habu za Impreza WRX STI ya mwaka 2005 na kuendelea.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, njia hii humpeleka mwenye gari kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika badala ya kumpeleka kwa mkereza vyuma. Lakini hata hapa, kufanana kwa magari hakutoshi. Yapo mambo matano ambayo fundi hana budi kuyapima kabla fedha haijatolewa.

Kwanza ni meno ya ekseli. Katika gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, ekseli huingia ndani ya habu kwa meno, na idadi ya meno pamoja na unene wa ekseli lazima vilingane na habu mpya.

Pili ni beringi. Kipenyo chake cha nje lazima kiingie katika chuma kinachoishika, na cha ndani kiingie katika habu. Aidha, beringi iliyotolewa kwa presi kwa kawaida huwa imekwisha kuharibika. Kuirudisha ili kuokoa gharama ni kujitafutia kazi nyingine baada ya muda mfupi.

Tatu ni diski au dramu ya breki. Hii nayo ina matundu yanayopitisha bolti, hivyo lazima ibadilishwe pamoja na habu. Diski ikiwa kubwa kuliko ya awali, kalipa ya zamani haitaishika sawasawa, na rimu ya inchi 14 inaweza isiingie.

Nne ni kihisio cha breki za ABS. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana pete yenye meno au yenye sumaku karibu na habu, ambayo husomwa na kihisio. Pete hiyo ikikosekana au ikiwa na meno tofauti, taa ya ABS huwaka na mfumo huacha kufanya kazi.

Tano ni magurudumu ya nyuma. Wapo wanaobadili ya mbele tu kwa kuwa ndiyo yenye vipuri rahisi kupatikana, na hatimaye gari hubaki na nati tano mbele na nne nyuma. Gari la namna hiyo haliwezi kubadilishana magurudumu, na tairi lake la akiba halifai upande mmoja.

Njia ya pili: Adapta

Adapta ni sahani nene ya chuma au aluminiamu yenye seti mbili za matundu. Seti ya kwanza hufungwa kwenye habu ya gari kwa mpangilio wa zamani, na ya pili hubeba bolti mpya za mpangilio unaotakiwa. Njia hii haihitaji kufungua beringi wala ekseli, na gari linaweza kurudishwa katika hali yake ya awali wakati wowote.

Ubaya wake ni kwamba adapta hulisogeza gurudumu nje. Kwa kawaida adapta yenye bolti zake huhitaji unene wa takriban milimita 20 hadi 25 ili nati na bolti zipate nafasi. Rimu yenye alama ya ET45, maana yake ni kwamba uso wake wa kufungia umesogea milimita 45 kutoka katikati ya rimu kuelekea nje. Ikifungwa juu ya adapta ya milimita 25, ni sawa na kuwa na rimu ya ET20.

Matokeo yake ni tairi kutokeza nje ya bodi, kugusa madigadi gari linapopakia abiria, usukani kuwa mzito na beringi kubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Katika barabara za mitaa zenye mashimo, beringi hizo huisha mapema.

Adapta inayofaa ni ile iliyokerezwa katika kipande kimoja cha aluminiamu ngumu au chuma, yenye mdomo unaoingia kwenye tundu la katikati la rimu na tundu linalokaa sawasawa kwenye kitovu cha habu. Adapta iliyomiminwa kutokana na vyuma chakavu haifai, kwa sababu chuma cha kumimina kinaweza kuwa na mapovu ndani yasiyoonekana kwa macho.

Nati zinazoishika adapta hufichwa nyuma ya rimu. Dereva anapokagua gari lake asubuhi huona nati za nje tu. Ili kuzihakikisha zile za ndani, gurudumu lazima litolewe.

Njia ya tatu: Kutoboa habu upya

Njia hii ndiyo inayovutia wengi kwa kuwa ina gharama ndogo. Habu hupelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma, ambaye hutoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani na kupachika bolti nyingine.

Kutoboa kunaweza kufanyika kitaalamu, lakini kunahitaji mashine yenye uwezo wa kugawa duara kwa usahihi, pamoja na chuma cha kutosha kwenye habu. Mahesabu yenyewe yanaonyesha ugumu uliopo.

Kutoka 5x100 kwenda 5x114.3, kila tundu husogea nje kwa zaidi ya milimita 7. Ikiwa ukingo wa habu si mpana, tundu jipya hukaribia mwisho wa chuma na kichwa cha bolti hukosa mahali pa kuegemea.

Kutoka nati nne kwenda tano kwenye duara lile lile la milimita 100, hali ni mbaya zaidi. Fundi akitumia tundu moja la zamani kama la kuanzia, matundu mawili kati ya manne mapya yatakuwa umbali wa takriban milimita 15.6 kutoka kwenye matundu ya zamani, kutoka katikati hadi katikati. Kwa matundu yenye upana wa milimita 12, chuma kinachobaki kati yao ni chini ya milimita 4. Gari zima huegemea hapo.

Wapo wanaoziba matundu ya zamani kwa kuchomelea kabla ya kutoboa mapya. Moto wa kuchomelea hubadili ugumu wa chuma na kuupinda uso wa habu. Habu iliyopinda hata kwa sehemu ndogo ya milimita huifanya diski iyumbe, na dereva huanza kuhisi mtetemo mguuni kila anapokanyaga breki.

Kutoboa kwa mashine ya mkono baada ya kuweka alama kwa kalamu na rula ni jambo lisilostahili kufanywa kabisa, kwa habu au kwa rimu. Rimu ya aluminiamu iliyotobolewa hivyo hupoteza nguvu katika sehemu ambayo mtengenezaji aliipima kubeba mzigo.

Njia ya nne: Kulazimisha

Njia hii haistahili kuitwa njia, lakini hutokea. Rimu yenye mpangilio unaokaribiana hulazimishwa kuingia, ama kwa kupanua matundu yake kwa tupa, ama kwa kukaza nati kwa nguvu hadi rimu ikubali.

Kishawishi kikubwa kiko kati ya 5x112 na 5x114.3. Mpangilio wa 5x112 hutumika katika magari mengi ya Mercedes-Benz na Volkswagen, na rimu zake hupendwa kwa umbo. Tofauti ya vipenyo ni milimita 2.3 tu, hivyo kila bolti hukosea tundu lake kwa milimita 1.15. Kwa macho, rimu huonekana imeingia. Ukweli ni kwamba nati hazikai katikati ya viti vyake, bolti hupindwa tangu siku ya kwanza, na mbano unaosomeka kwenye spana si mbano unaofika kwenye rimu.

Namba zikilingana bado kuna mtego

Mpangilio wa matundu ukilingana, mnunuzi hudhani kwamba kazi imekwisha. Premio na Subaru Forester za matoleo ya mwanzo zote ni za 5x100, lakini rimu zao hazibadilishani moja kwa moja.

Kitovu cha habu ya Premio kina kipenyo cha milimita 54.1, wakati cha Subaru ni milimita 56.1. Rimu ya kiwandani ya Premio haiwezi kuingia kwenye Subaru hadi ikae, kwa kuwa tundu lake la katikati ni dogo. Rimu ya Subaru huingia kwenye Premio, lakini hubaki na nafasi ya milimita 2 ambayo huhitaji pete maalumu ya kuijaza ili gurudumu likae katikati.

Nati nazo hutofautiana. Magari madogo ya Toyota, Honda na Mitsubishi hutumia bolti za milimita 12 zenye meno ya hatua ya milimita 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki hutumia unene huo huo, lakini kwa meno ya hatua ya milimita 1.25. Nati ya aina moja huweza kuanza kuingia kwenye bolti ya aina nyingine kwa mizunguko michache, na fundi akiendelea kuilazimisha kwa spana ndefu huharibu meno ya zote mbili.

Umbo la tako la nati pia lina maana. Baadhi ya rimu za aluminiamu za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, rimu nyingi za madukani hutumia nati ya koni, na za Honda hutumia nati yenye tako la mviringo kama mpira. Nati ya koni kwenye kiti cha mviringo hugusa kwa mstari mwembamba tu, na hulegea upesi.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Mnunuzi hahitaji vifaa vya gharama ili kujua mpangilio wa rimu. Kipimo cha vernia kinafaa zaidi, lakini hata rula ya chuma hutosha kwa hatua ya kwanza.

Kwa rimu ya matundu manne au sita, hupimwa umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Umbali huo ndio kipenyo cha duara.

Rimu ya matundu matano haina matundu yanayotazamana, hivyo hupimwa matundu mawili yaliyo jirani. Njia rahisi ni kupima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili, kwa kuwa umbali huo ni sawa na ule wa katikati hadi katikati. Jibu huzidishwa kwa 1.7. Umbali wa milimita 58.8 maana yake ni duara la 100, milimita 65.8 ni duara la 112, milimita 67.2 ni duara la 114.3, na milimita 88.2 ni duara la 150.

Rimu nyingi pia huwa na maandishi nyuma yake au ndani ya mikono yake, yanayoonyesha upana, kipenyo na ofseti, na baadhi huonyesha mpangilio wa matundu. Rimu za aluminiamu zilizotengenezwa kwa kufuata viwango vya Japani huwa na alama ya JWL. Alama peke yake si uthibitisho, kwa kuwa chochote kinachoweza kuandikwa kinaweza pia kughushiwa, lakini rimu isiyo na alama yoyote inastahili kutiliwa shaka.

Kukaza na kurudia kukaza

Magari mengi madogo ya Toyota hukazwa nati za magurudumu kwa nguvu ya mita-nyutoni 103. Kiwango cha kila gari huandikwa katika kitabu chake. Nguvu hiyo hupimwa kwa spana yenye kipimo cha torki, na kwa bolti nne au tano, nati hukazwa kwa kupishana, si kwa kufuatana kama mtu anayezunguka meza.

Kukaza kupita kiasi si usalama. Fundi anayesimama juu ya spana au kuongeza bomba refu huweza kuivuta bolti kupita uwezo wake wa kurudi, na bolti iliyovutika hivyo haibani tena.

Baada ya kufunga habu mpya, adapta au rimu nyingine, nati hukaguliwa tena gari likishatembea kati ya kilometa 50 na 100. Huo ni wastani wa safari ya kutoka Manzese kwenda Kibaha na kurudi. Mlio wa kugonga unaobadilika na mwendo, mtetemo wa usukani, au michirizi ya kutu kuzunguka nati ni dalili za gurudumu linalocheza, na gari halipaswi kuendelea na safari.

Anayenunua gari lililokwisha kubadilishwa

Si kila anayeendesha gari lililobadilishwa habu anafahamu hilo. Magari huuzwa kutoka mkono hadi mkono, na habari za kazi iliyofanyika gereji hazimfikii mnunuzi wa tatu.

Mara nyingi siri hiyo hufichuka siku ya pancha. Dereva hutoa tairi la akiba, huinua gari kwa jeki, kisha hugundua kwamba tairi ni la nati nne na habu ina bolti tano. Kwa dereva wa teksi ambaye hesabu ya tajiri inamsubiri jioni, hiyo ni siku iliyopotea. Kwa familia iliyokwama usiku kando ya barabara, ni hatari nyingine kabisa.

Anayekagua gari kabla ya kununua anashauriwa kulijaribisha tairi la akiba katika gurudumu moja la mbele na moja la nyuma. Aidha, amuombe fundi atoe gurudumu moja na kutazama uso wa habu. Matundu matupu yasiyo na bolti, alama za kuchomelea, au sahani ya ziada kati ya diski na rimu ni vielelezo vya kazi ambayo muuzaji anapaswa kuieleza. Baadhi ya habu huwa na matundu ya ziada tangu kiwandani, lakini hayo huwa yamekerezwa vizuri na kupangika kwa usawa.

Nafasi ya sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari lililo katika hali ya kuhatarisha usalama. Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi hukagua magari, ikiwa ni pamoja na ukaguzi unaoambatana na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Askari huweza kuona tairi lililokwisha au nati iliyokosekana. Habu iliyotobolewa upya haionekani mpaka gurudumu litolewe.

Katika baadhi ya nchi utaratibu ni mkali zaidi. Nchini Ujerumani, mabadiliko yanayoweza kuhatarisha usalama hulifanya gari lipoteze kibali chake cha kutumika barabarani hadi likaguliwe na taasisi zinazotambuliwa, TÜV ikiwa mojawapo, na mabadiliko hayo kuidhinishwa.

Kwa mwenye gari wa Dar es Salaam, ni busara kuijulisha kampuni yake ya bima kwa maandishi kabla ya kufanya mabadiliko ya namna hii, na kutunza stakabadhi za vipuri na za fundi. Mgogoro wa fidia baada ya ajali huanza kwa swali la hali ya gari.

Yapo mahali ambapo habu na ekseli za zamani hupata maisha mapya bila madhara makubwa. Mikokoteni mingi inayobeba mizigo katika masoko ya jiji hutembea juu ya magurudumu na ekseli za magari yaliyokwisha. Mkokoteni husukumwa kwa mwendo wa mtu. Gari lenye abiria watano likishuka Kimara kuelekea Ubungo kwa kilometa 80 kwa saa halitoi nafasi hiyo ya kujaribu.

Kwa mwenye kutaka nati tano, basi, swali la kwanza la kumuuliza fundi si bei ya kutoboa bali ni gari gani la ukoo wa gari lake lililotoka kiwandani na habu za nati tano. Fundi akiwa na jibu, kazi inaweza kuanza. Akikosa jibu, lililo nafuu ni kurudisha rimu kwa muuzaji na kutafuta zinazolingana na habu iliyopo.